Wiki ya Kukaa Nyuma

Baba yangu mkubwa ni fundi vigae, na magoti yake yameota sugu nyeusi, ngumu kama soli ya kiatu. Watu wa kanisani wakiyaona wanadhani ni sala. Yeye hawasahihishi. Siku moja mama mmoja wa jumuiya alimwonyesha mwanawe magoti yale, akamwambia hivyo ndivyo mtu anavyomtafuta Mungu, na Baba mkubwa akaikunja suruali juu kidogo, kama vile anakung'uta vumbi.

Mazoea yake ya kulishika Neno la Mungu yalianza kwenye mafungo, miaka minne iliyopita. Padre mgeni alihubiri siku tatu, na siku ya mwisho akasema Wakatoliki tuna tabia ya kuliacha Neno mlangoni, pale kwenye maji ya baraka. Akashauri kila mtu achukue sentensi moja tu kutoka masomo ya Jumapili, aende nayo nyumbani, aishi nayo mpaka Jumamosi. Kanisa zima liliitikia. Kufika Jumanne walikuwa wameshasahau wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye ninayekaa kwake.

Alichukua kigae cheupe kilichobaki kwenye bafu la mteja, akakiegemeza ukutani juu ya kabati la vyombo sebuleni. Kila Jumapili baada ya misa anaandika neno la wiki kwa kalamu ya wino mzito, na Jumamosi Mama mkubwa anakifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kile kigae nimekisoma sana. Nikiamka Jumatatu nakitazama kwanza, nijue wiki hiyo tutateswa na nini.

Wiki ya kutohangaikia kesho, hakuagiza saruji, na nesi mmoja aliyekuwa anatengenezewa bafu akaoga kwa jirani siku sita. Wiki ya ndiyo yenu iwe ndiyo, alimwambia kiongozi wa kwaya kwamba sauti yake inamkumbusha mashine ya kukatia vigae ikikosa maji. Ilipofika ile ya mkono ukikukosesha, Mama mkubwa aliificha mashine yenyewe chini ya kitanda. Nilipomuuliza alisema tu kwamba yeye hamwamini mumewe.

Lakini iliyotuchosha kuliko zote ni ya kusamehe saba mara sabini. Alikuwa na kinyongo na shemeji yake, kaka wa Mama mkubwa aliyekuja kututembelea, mtu wa utani mwingi, akaamua kumsamehe kwa hesabu. Shemeji akitoa neno lolote, Baba mkubwa anachomoa daftari mfukoni, anachora mstari, kisha anamwarifu kwa upole kwamba huo ni wa thelathini na moja. Siku ya tatu shemeji aliaga. Alisema ameshatukanwa na makondakta, na askari, na mke wake wa kwanza, lakini hajawahi kutukanwa kama alivyosamehewa katika nyumba ile.

Jumuiya yetu inakutana Jumatano, saa kumi na moja jioni, leo nyumba hii, kesho ile. Mtu anasoma Injili ya Jumapili, tunakaa kimya, halafu kila mmoja anasema neno lililomgusa. Wengi wanasema sentensi mbili na kumpisha mwenzao. Baba mkubwa anakohoa kwanza. Katibu wa jumuiya, mwanamume mfupi anayeuza miwani, huwa akisikia kile kikohozi anavua viatu kabisa, kwa sababu anajua safari ni ndefu. Na nimeangalia kwa muda mrefu, nikaona jambo moja halibadiliki: Neno humgusa yeye, maumivu wanayapata wengine.

Sasa Dada, binti yake pekee, akapata mchumba. Kijana hana neno, ila baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu, na ule ukoo wote unazungumza kama unasahihisha madaftari. Walipokuja nyumbani mara ya kwanza, shangazi wa kijana alikagua sebule yetu, akasoma kigae, akasoma tena. Kisha akamuuliza Dada, kwa sauti ya chini lakini si chini sana, kama upande wetu kuna mtu mzima wa kusimama na kuzungumza, au mwalimu mkuu awazungumzie wote. Dada alijibu kwamba yupo, baba yake. Shangazi akasema aha. Ile aha Dada aliibeba miezi mitatu.

Harusi ikapangwa Jumamosi. Na Jumapili iliyotangulia, kama vile kuna mtu mbinguni anapenda vituko, Injili ikawa ile ya wageni wanaogombea viti vya heshima kwenye karamu. Yesu anawaambia ukialikwa nenda ukakae mahali pa mwisho, ili mwenye karamu akija akuite rafiki, akupandishe juu, nawe upate heshima mbele ya wote. Nilikuwa nimekaa karibu na Baba mkubwa kanisani. Padre aliposema mahali pa mwisho, yeye alikuwa anatazama chini. Padre aliposema heshima mbele ya wote, aliinua uso.

Kigae kikaandikwa KAA NYUMA, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.

Jumatano Dada alimfuata uani, alipokuwa anakwangua gundi kwenye vidole. Mimi nilikuwa naanika nguo. Dada alimweleza yote, yule shangazi, ile aha, jinsi wanavyomtazama kama mtu aliyeokotwa. Akamwambia hataki gari la maua wala zawadi. Anataka baba yake akae meza ya mbele, kwenye kiti kilicho karibu na chake, na mama yake upande wa pili, halafu wakimpa kipaza sauti aseme neno lake kama baba wa mtu. Baba mkubwa aliguswa, machozi yalimlengalenga. Alisema atasema, ameshaanza hata kuandika. Kuhusu kiti hakusema kitu, na Dada kwa furaha hakuona.

Mimi niliona. Alhamisi asubuhi nilipita mlango wa bafuni ukiwa wazi kidogo, nikamkuta mbele ya kioo. Alikuwa anafanya mazoezi ya kushangaa. Anarudi hatua moja nyuma, mkono kifuani, nyusi juu, anauliza kwa sauti ndogo, "Mimi?" Halafu anatikisa kichwa kukataa kidogo, kisha anakubali. Alirudia mara nne. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa nzuri. Ningeweza kumwambia Dada, lakini alikuwa anapimwa gauni, na nilidhani mtu mzima hawezi kweli kufanya jambo kama lile mbele ya watu.

Kanisani mambo yalikwenda sawa, maana huko kila mtu anajua benchi lake. Taabu ilianza ukumbini. Meza ya mbele ilikuwa na kitambaa cheupe, maua, na viti vyenye utepe. Mimi nilipangiwa safu ya mwisho pamoja na watoto, karibu na mlango wa jikoni, kati ya masufuria na kreti za soda. Mara namwona Baba mkubwa anakuja, suti yake ya kijivu, kofia mkononi, anapita meza zote akiwa ameinamisha kichwa. Akaketi kando yangu. Mtoto mmoja alimwambia pale kuna mtu. Akamwambia huyo mtu atapata pengine.

Mshereheshaji alikuwa mgeni, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, kapewa karatasi ya ratiba tu. Aliita wazazi wa bwana harusi, wakaketi. Akaita wazazi wa bibi harusi, akaenda Mama mkubwa peke yake, midomo imebana. Akaita tena, baba mzazi wa bibi harusi, nafasi yako iko huku. Nilimgusa Baba mkubwa kiwiko. Alininong'oneza kwamba katika Injili mwenye karamu hakuita kwa kipaza sauti; alimfuata mtu pale alipo. Kisha akaweka kofia magotini, akangoja kufuatwa.

Mshereheshaji akatazama kile kiti kitupu chenye utepe. Akamtazama Mama mkubwa, ambaye machozi ya hasira yalikuwa yameanza kumtoka na anayafuta kwa kitambaa. Nadhani ameendesha harusi nyingi na ameshaona viti vya namna hiyo. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya polepole. Alisema wapo waliotamani kuiona siku hii lakini Mungu aliwapenda zaidi. Akatuomba tusimame, dakika moja ya ukimya, kumkumbuka baba wa bibi harusi.

Ukumbi mzima ukasimama. Ukiambiwa usimame kimya kwa ajili ya marehemu unasimama kwanza, kuuliza ni baadaye. Mwalimu mkuu alisimama, uso umejaa maswali. Mama mkubwa alisimama pia, na baadaye aliniambia kwamba kwa dakika ile moja alitamani iwe kweli. Na kando yangu, kwa kuwa mnyenyekevu hawezi kukaa wenzake wakiwa wamesimama, Baba mkubwa akasimama, akafumba macho, akajiombea.

Muuza miwani ndiye aliyevunja ukimya. Alikuwa meza ya tatu, mabega yanamtikisika, akashindwa, akamwita mshereheshaji na kumnong'oneza huku anaonyesha mlango wa jikoni. Vichwa vikaanza kugeuka, safu kwa safu. Kicheko kikaja nyuma yake. Mshereheshaji, jasho likimtoka, akataka picha ziendelee, akamchukua mjomba mmoja wa bwana harusi, mtu mnene, akamkalisha kwenye kile kiti kuziba pengo. Mwalimu mkuu akakiomba kipaza sauti. Alisema kwa Kiswahili safi kabisa kwamba kwa kuwa mwenzake hakuona umuhimu wa kukaa nao, yeye hana kinyongo, na kuanzia leo binti huyu asijione hana baba, baba amempata. Watu wakapiga makofi. Shangazi wa ile aha alipiga makofi mpaka bangili zikalia.

Dada akasimama. Alishika gauni kwa mikono miwili, akaanza kuja kwetu, meza baada ya meza, makofi yanakufa njiani. Baba mkubwa alimwona. Nilisikia pumzi yake inapanda. Ndiyo hii sasa, ilikuwa inatimia jinsi ilivyoandikwa, tena si mwenye karamu tu, bibi harusi mwenyewe. Akaanza kunyanyuka, hatua moja nyuma, mkono kifuani, nyusi juu.

"Mimi?"

Dada hakumshika mkono. "Baba, nilikuomba kitu kimoja."

"Mwanangu, nimejishusha tu."

"Umenishusha mimi," Dada akasema. "Wewe ulikuwa umekaa."

Akageuka, akarudi njia ileile, peke yake.

Baba mkubwa alibaki vile, nusu amesimama, na ule uso wa kwenye kioo ukiwa hauna pa kwenda. Alinitazama kama vile mimi ninaweza kumwambia kinachofuata. Nilivuta miguu yangu pembeni, apate njia.

Akaenda. Hakuna aliyemwita. Magoti yalikuwa yanalia, nilikuwa nayasikia mpaka alipofika katikati. Mtu mmoja wa jumuiya alitaka kupiga makofi, mkewe akamkamata mkono. Alipofika mbele, mshereheshaji alimpa kipaza sauti kama mtu anayempa mwenzake chungu cha moto. Karatasi mbili za hotuba zilikuwa mfuko wa koti, nilizijua, zina somo la kwanza, zaburi na somo la pili. Hakuzitoa.

"Mimi ndiye baba yake," akasema. "Sijafa."

Watu wakacheka. Akangoja.

"Nilikuwa kule kwenye masufuria, nangoja kubembelezwa. Nilifanya na mazoezi, kwenye kioo cha bafuni." Wakacheka tena, halafu wakaacha, maana yeye alikuwa hachekeshi. "Huyu mtoto aliniomba nikae karibu naye. Kukaa tu. Nikaona hiyo ni ndogo kwangu." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwenzangu, mpende kadiri unavyoweza. Lakini baba anaye. Ndiye huyu mjinga."

Akarudisha kipaza sauti. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na ndiyo pekee iliyomuumiza mwenyewe.

Mjomba mnene wa bwana harusi alikuwa ameshaanza kula, na hakuonyesha dalili yoyote ya kunyanyuka. Kiti kingine hapakuwa. Baba mkubwa akasimama nyuma ya Dada, mikono mbele, na Dada hakugeuka. Nilikuwa nimemfuata mpaka pembeni ya meza, nikamsikia akimuuliza kama amemsamehe, na Dada akasema bado, asimame hapo kwanza.

Ikafika saa ya zawadi. Wageni wakapanga mstari, na kwa jinsi alivyosimama pale na suti yake ya kijivu, wa upande wa pili waliochelewa, wasioisikia hotuba, walimdhania mhudumu. Walimkabidhi masanduku, mablanketi, seti za sufuria, mmoja akamwagiza maji. Baba mkubwa alimpokea kila mmoja kwa mikono miwili, akamtazama usoni, akamwambia asante, mimi ndiye baba yake. Yule wa maji alimletea kwanza maji, ndipo akamwambia. Shangazi wa kijana alipofika na boksi lake la vikombe alitaka kupita haraka. Baba mkubwa akalishika boksi mpaka alipomaliza kumwambia.

Mstari ulikuwa mrefu. Sauti ilianza kumkauka. Dada alikuwa anatazama mbele, uso mkavu, na nyuma ya sikio lake ile sentensi inarudi, mgeni baada ya mgeni, mimi ndiye baba yake, mimi ndiye baba yake.

"Wameshasikia, Baba," akasema hatimaye, bila kugeuka.

Baba mkubwa akapokea pasi ya umeme kutoka kwa bibi mmoja kiziwi, akainama mpaka sikioni mwake, akaanza upya kwa sauti kubwa.