Mustari Yenye Nilifuta ku Budje ya Glasi

Kama munataka kunicheka, mucheke sasa, mbele nianze, sababu nikifika pale kwenye kikwembe sitakuwa tena na nguvu ya kuwangojea mumalize. Minyi mwenyewe nimeshacheka miaka mingi, lakini siku ile sikucheka, siku ile niliomba udongo ya Kamina ipasuke inimeze minyi na pantalo yangu, na Mungu alisikia nusu tu ya ile maombi: pantalo njo ilipasuka.

Wakati ule nilikuwa karani ku depo ya reli, kazi yangu ilikuwa kuandika mu kitabu misumari ngapi imeingia na taa ngapi imetoka, kazi ya heshima, tai kila siku, lakini mushahara ilikuwa haijakuja tangu miezi kumi, na vita ilikuwa inashuka kutoka mashariki, kila magaribi radio inatuambia hakuna kitu, njo vile tulijua kitu iko. Tulikuwa tunakula jasho ya bibi yangu, Mama Ilunga, mwenye alikuwa anauza maji na jus ya nanasi ku gare. Treni ilikuwa inaweza kukawia siku tano, lakini ikifika, bantu banashuka na kiu ya siku tano, na kila mumoja anauliza, «Mama, iko baridi?» Naye anajibu, «Iko ya kivuli.» Na banacheka, na banaenda kununua pahali pengine.

Sasa ku Base, kambi ya basoda, bibi zao balianza kuuza vitu: vitanda, mafeni, masufuria kubwa ya kupikia kampani nzima (muntu akianza kuuza sufuria, ujue anajua kitu yenye radio haisemi). Bibi moja ya sarja, muntu wa kule Equateur, alikuwa na mashini ya kutengeneza barafu, sisi tunaita glasi, yenye ilitoka ku mess, nyumba ya kulia ya ba-ofisye. Alisema balimupatia zawadi. Sikuuliza nani. Alisema mashini inakula maji na umeme, inatapika glasi, basi, haina mambo mingi. Mama Ilunga akaiangalia namna vile anaangalia mutoto mwenye amepona.

Feza ilitoka pande mbili, na musikie muzuri hapa. Nusu ilikuwa ya likelemba, ile muchango ya bamama ya kupokezana, zamu ya Mama Ilunga, yenye alingojea mwaka mzima. Nusu ingine ilitoka kwa mama-mukwe yangu, kule Malemba, mwenye alituma vitunga mbili vya samaki ya moshi tuuze, na maneno moja tu: mutoto yangu asiuze tena maji ya kivuli. Kama ile mashini ingekufa mu mikono yangu, ningekuwa nimekula samaki ya mama-mukwe bila hata kuweka mu kinywa.

Bibi akaniambia, weye njo karani, fanya budje, hesabu ya feza yote yenye itatoka. Ee, nilifanya. Nilichukua kaye mupya, daftari ya mistari, rula, na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Mashini. Kamyo ya kuileta kutoka Base. Fili, ile waya ya umeme. Pipa na mupira ya kupitisha maji. Magunia na unga ya mbao ya kufunikia glasi isiyeyuke. Kibao ya kuandika GLASI IKO. Kiisha nyumba ndogo ya mashini nyuma ya jikoni, matofali na mabati tatu. Kiisha chakula ya siku ya baraka, sababu kitu mupya inaingiaje mu nyumba ya mukristo bila Pasta kuiombea, na Pasta anaombaje bila kuku? Na chini kabisa, Mama Ilunga akanilazimisha niandike «imprevi», maana yake mambo yenye hatujui.

Nikajumlisha. Ikapita feza yenye tulikuwa nayo. Bibi akasema tufute ile karamu, Pasta atakunywa chai. Minyi nikaona aibu: karani wa depo, chef de gare, mukubwa wangu wa stesheni, amealikwa, na chai? Njo pale nilifanya ile kitu ndogo yenye iliniua. Nilichukua rula, nikavuta mustari nyekundu juu ya nyumba ya mashini, nikasema tutaiweka mu chumba ya bageni, nani anatembea wakati ya vita. Mama Ilunga akaniangalia, akauliza:

«Na mama akikuja?»

Nikacheka. Mama-mukwe yangu alale mu nyumba yangu? Kwetu Baluba buko, heshima ya ukwe, iko kitu kali. Mama-mukwe ukimuona mu njia, unaingia mu majani apite. Haukule mbele yake, haukae mbele yake, unamusalimia kwa mbali umechutama, na maneno yote inapita kwa bibi yako. Hata kumutaja, unasema «ba mama», kama vile haiko muntu moja, iko kundi nzima ya bantu ya maana. Miaka kumi na ine ya ndoa, nilikuwa sijamuambia hata neno moja uso kwa uso. Basi ile mustari nikaiacha, na sababu rula ilikuwa tayari mu mukono, nikafuta na imprevi, nikaongeza rangi ya kibao.

Mashini ikakuja, tukaiweka mu chumba ya bageni, pipa juu ya meza, mupira kutoka ku pipa mpaka ku mashini. Fili ilikuwa mufupi (nayo nilikata kidogo, ile rula ilikuwa na shetani), nikaunga vipande mbili na skochi, utepe ya kubandikia karatasi, inalala pale chini ku sima, sakafu. Kiisha juma mbili, ba mama bakafika.

Balifika juu ya kinga, ile baiskeli, nyuma ya kijana wa familia, miguu imevimba, na muzigo moja ya samaki na Biblia. Kule pembeni ya Lualaba basoda benye balikuwa banakimbia vita balikuwa banabeba mbuzi, feza, na bantu ya kubeba zile mbuzi. Wakati kama ile nani anaongea mambo ya buko? Nilichutama kule mbali karibu na choo, nikapiga makofi ya salamu, na machozi ilinitoka, sababu ule mama alinipa mutoto yake bila kunisumbua hata siku moja. Lakini pa kulala ilikuwa pamoja tu, chumba ya bageni, na mulango yake inafungukia mu salon, sebule yetu. Basi mama-mukwe na mashini bakaishi pamoja. Minyi nilikuwa nakohoa mbele ya kuingia mu nyumba yangu mwenyewe sawa mwizi mwenye mafua.

Ile siku ya baraka ilikuwa siku ya Mungu, sababu ba umeme balituahidi kura, ile umeme, itakuja saa sita. Asubuhi, ba mama bakiwa bangali ku kanisa, niliingia mu chumba mbio mbio, nikafunga mupira ku mashini na kipande ya mupira ya kinga. Kengele ya kanisa ikalia, bantu banatoka, nikaogopa banikute mule, sikukaza fundo ya mwisho. Nikatoka na kuvaa pantalo yangu ya siku ya Mungu, yenye matako yake ilikuwa imekonda sawa karatasi ya sigara.

Bageni bakajaa mu salon: Pasta, chef de gare, bamama ya kwaya, na ule bibi wa sarja, alikuja kuhakikisha hakuna muntu atasema aliuza maiti. Ba mama balikuwa tayari bameingia mu chumba, bamefunga mulango, na sasa habawezi kutoka, sababu mukwe yao iko amekaa mu salon. Pasta akaomba, akaomba, akaombea mpaka inchi zenye haijaona glasi. Amina, na umeme ikakuja. Mama Ilunga akaingia, akafungua pipa, akawasha, mashini ikaanza kunguruma, kwaya ikapiga vigelegele, na bibi akatoka kuenda kuazima masahani kwa jirani.

Kiisha nikasikia maji inaanguka ku sima.

Sasa muone shida yangu. Bibi haiko. Kinywa ya kupitishia maneno haiko. Nikamuinamia Pasta, nikamuomba aambie ba mama bafunge mupira. Pasta akasimama ku mulango, akapandisha sauti yake ya mahubiri, akasema mukwe wenu anaomba mufunge mupira. Kutoka ndani ba mama bakajibu, Pasta, mumuulize mukwe yangu ni mupira ya juu ao ya chini. Pasta akageuka, akaniuliza, na minyi nilisikia, salon nzima ilisikia, lakini heshima njo heshima, nikangoja aniulize. Nikasema ya juu. Akageuka. Chef de gare alikuwa anazungusha kichwa kulia na kushoto sawa anaangalia mpira ya ping-pong. Na maji ikaanza kutoka chini ya mulango, ikafika ku viatu ya kwaya.

Njo pale nilikumbuka ile fili chini. Ile skochi.

Nikamuambia Pasta, upesi, ba mama bapande juu ya kitanda. Naye, Mungu amubariki, akashika mulango na kuanza, «Mama yetu mupendwa katika Bwana...» na minyi nikaona mbele ya macho yangu ule mama miguu peku mu maji, na samaki yake, na Biblia yake, na ule mustari nyekundu nilivuta na rula yangu. Buko ikanitoka kichwani. Nikapiga kelele na sauti yangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza mu miaka kumi na ine:

«Mama, mupande ku kitanda!»

Na nikaingia. Ba mama balikuwa juu ya kitanda bamesimama, bameinua vikwembe, vitenge vya kufunga kiunoni, mpaka ku magoti (na minyi niliona, nisameheni, niliona magoti ya mama-mukwe yangu), samaki mukono huu, Biblia mukono huu. Nikapita juu ya kiti, nikavuta fili ku ukuta, mashini ikanyamaza, nikashukuru Mungu, na kiti ikateleza. Nilianguka kitako mu maji, na pantalo ikapasuka kutoka ku mukaba mpaka ku goti, na sauti yake bamama ya kwaya bataisahau. Mulango wazi. Bote banaangalia. Minyi nimekaa mule sawa mutoto mu besani, nafunika huku, inafunguka kule.

Ba mama bakashuka polepole. Bakafungua kikwembe yao ya juu (ya chini ilibaki, musiwaze mabaya), bakainama, bakanifunga nayo kiunoni bila kuangalia uso yangu, bakakaza fundo muzuri namna vile unafunga mutoto. Na bakasema, si kwa Pasta, si kwa bibi, kwangu:

«Mwana wangu, glasi ngapi inaweza kulipa mutoto yangu akikuwa mujane?»

Nililia. Sioni haya ya kuisema. Nilitoka mbele ya chef yangu na kikwembe ya mama-mukwe ku kiuno, maua ya manjano na kuku ya kijani, na Mama Ilunga akaingia na masahani kumi na mbili, akasimama pale, akaangalia minyi, akaangalia mama yake, akaweka masahani chini moja moja. Bibi wa sarja akasema mashini iko muzima, maji njo ilikuwa na kosa. Kiisha balikula kuku yote.

Kesho yake muyomba wa bibi, kaka ya ba mama, alikuja na sheria: kuingia mu chumba ya mama-mukwe, kumupandishia sauti, na ile ya magoti, yote inalipwa mbuzi. Na kikwembe yenye imegusa mukwe, ba mama habawezi kuvaa tena, mukwe alipe mupya. Mama Ilunga akaniletea kaye, akaifungua mbele yangu, akaweka kidole pale chini ku «imprevi» yenye nilifuta. Niliuza kinga yangu. Mbuzi yenyewe ililipwa kwa ba mama, ikabaki kwetu, na bibi akaipatia jina, Imprevi, na watoto balikuwa banaita «Imprevi, kuya kula!» mpaka mutaa yote ikajua.

Nyumba ya mashini nilijenga na mikono yangu, matofali ya udongo, majani juu, juma tatu. Ilipokwisha, ba mama bakatuma neno kupitia bibi: mashini ibaki kwenye iko, ile nyumba ndogo ni yao. Balihamia siku ile ile. Na mashini, nikakaza fundo, nikanunua fili nzima, ikatapika glasi kweli, na Mama Ilunga alikuwa anafunikia ile glasi ku gare na ile kikwembe ya manjano, bantu ya treni banaulizana, iko wapi ule mama wa glasi ya kikwembe?

Ile mashini iliishi miezi mine. Kiisha basoda benye balikuwa banakimbia bakapita, bakapakia mashini mu kamyo, pipa, mupira, hata kibao ya GLASI IKO, na kikwembe bakaitupa mu muchanga. Tuliiokota. Tukabaki na deni ya aibu, mbuzi tatu (Imprevi alikuwa amezaa), na ba mama mu nyumba yao ndogo, kwenye baliishi miaka sita, na watoto yangu bote balijifunza Kiluba pale ku mulango, na minyi nilikuwa napita mbali, nachutama, napiga makofi, nao banajibu, «Ee, mwana wangu,» bila kupitisha kwa muntu.

Balilala mule mpaka siku yao ya mwisho, na ile kikwembe ya manjano, muyomba alikataa lakini minyi nilisimama, tulibafunika nayo. Tangu pale nimefanya budje mingi, ya ndoa, ya masomo, ya kanisa, na nakata, oh, nakata, karani ni karani. Lakini mustari ya kwanza, mbele ya feza yote, naandika pahali pa muntu kulala, na pale rula yangu haifiki.