Sauti ya Mzee Eustaki

Careen Eustaki alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kukabidhiwa kompyuta, na ubaya ni kwamba alilijua hilo. Alizaliwa Katindiuka, akasomea uchapaji Morogoro, akaolewa Kidatu na mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Ndoa ikamshinda, akarudi kwa baba yake na mtoto mgongoni. Watu hawakupata nafasi ya kumcheka sana, maana muda si mrefu alipata kazi ya ukatibu kwenye mradi mmoja wa mpunga pale Ifakara. Mradi ulikuwa na kompyuta ya kukunja, ambayo meneja, Bwana Viktor, aliifungia kabatini kama padri anavyofungia Ekaristi katika tabernakulo. Ufunguo wa pili alikuwa nao Careen.

Baba yake, mzee Eustaki, alishuka kutoka Mahenge akiwa kijana, akafyeka pori la Katindiuka kwa mikono yake, akapata shamba zuri ambalo hata mwaka wa mafuriko halikuzama lote. Watoto wake wawili wa kiume walimtangulia kaburini. Akabaki Careen. Na kwao, shamba la mtu asiyeacha mtoto wa kiume hurudi kwa ndugu zake, isipokuwa mwenyewe aseme vingine kwa kinywa chake mbele ya watu. Mzee alilijua hilo. Koo lilipoanza kumkaba na sauti kukauka, mwishoni mwa mwaka ule wa mvua za El Nino, alimwambia binti yake awaite baba mdogo Nazari na balozi wa nyumba kumi, mzee Polikarpo, waje wasikie wosia wake.

Careen akamwambia hakuna haja. Mashahidi, alisema, hufa, na wasipokufa husahau, na wasiposahau hununuliwa kwa kata ya pombe. Sauti ikiwa ndani ya kompyuta hainywi pombe. Siku ya kikao cha mirathi mzee atajisemea mwenyewe, tuone nani atabisha. Mzee akamtazama binti yake.

“Umesoma wewe, mama,” akasema. “Fanya unavyoona.”

Basi Jumamosi moja, kwa ruhusa ya Bwana Viktor, akaileta kompyuta nyumbani. Akamkalisha baba yake kwenye kigoda, akamwomba aseme kwa kifupi, maana mashine ilikubali kurekodi dakika moja tu. Kwenye kioo kulikuwa na kidirisha cheusi chenye mstari wa kijani. Mzee akisema, mstari unatetemeka. Akikohoa, unaruka juu. Careen aliukodolea macho mstari ule mwanzo hadi mwisho, roho mkononi, akiogopa usije ukalala. Haukulala. Sauti ikaingia yote.

Fundi kutoka Morogoro alipopita kuhudumia mashine, alimwekea mbele kabisa ya kioo kijipicha cha kipaza sauti, asihangaike kutafuta. Ukibonyeza hapo, mzee anaongea. Careen hakubonyeza. Mzee alikufa mwezi wa pili, na yeye akajiapia kwamba ataisikia siku ya arobaini pamoja na wote, imchome mara moja yaishe.

Arobaini ikiwa inakaribia, disketi fulani kutoka Dar ikaleta virusi. Kompyuta ikawa inaganda, inajizima, inaandika upuuzi. Bwana Viktor akasema isafishwe yote, ifutwe kabisa na kuwekwa Windows upya, wageni wa mradi wasije wakaikuta katika hali hiyo. Careen alikuwa amemwona fundi akiifanya kazi ile. Akasema ataiweza.

Asubuhi akaanza kuhamisha mafaili ya mradi kwenye disketi, moja baada ya nyingine, zikikoroma kama mtu mwenye pumu. Mwisho akachukua kile kijipicha cha kipaza sauti, akakipeleka kwenye disketi yake peke yake, mpya, aliyoiandika jina la baba. Hiyo haikukoroma. Ilikohoa mara moja ikanyamaza. Hapo angeshtuka. Lakini asubuhi ile Careen alikuwa fundi, na mtu akishajiona fundi masikio huziba.

Akaingiza disketi ya kuwashia, kioo kikawa cheusi. Akaandika amri ya kufuta. Mashine ikamwonya kwamba kila kilichomo kitapotea, ikauliza kama aendelee. Akakubali kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuhamisha vyombo vyake. Umeme, ambao kwa kawaida ulikatika hata ukipiga chafya, siku hiyo ulikaa kama umelipwa. Akaweka sidii ya Windows, akajibu maswali yake yote, na mchana kompyuta ikawaka upya, nyepesi, haina doa. Bwana Viktor akamsifu mbele ya dereva.

Alipobaki peke yake akaiingiza disketi ya baba, akabonyeza. Ikaja picha ya kurunzi, ikawa inazunguka huku na huku kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kisha yakaja maandishi: faili halionekani. Akabonyeza tena. Kurunzi ikazunguka tena. Alimpigia fundi simu ya ofisini, na fundi akamweleza taratibu, kwa sauti ya kumwonea huruma. Kile kijipicha hakikuwa sauti, kilikuwa kibao tu cha kuonyesha njia. Sauti yenyewe ilikuwa imelala ndani kabisa, na ndani kumefutwa na kujengwa upya. Careen alikuwa ameng'oa kibao cha njia akakihifadhi, halafu akauchoma mji.

Bwana Viktor alimkuta analia, akauliza kwa hofu kama kuna kilichopotea.

“Cha mradi hakuna,” alijibu.

Siku ya arobaini, baada ya misa, kikao kikakaa uani kwa marehemu. Careen akawaamkia wazee, akasimama, akaeleza. Watu wakaguna. Mzee Polikarpo alisema kinachomuuma ni kwamba yeye alikuwa jirani wa kupiga kelele tu akasikia, na hakuitwa. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba hiyo sauti labda haikuwahi kuwepo. Baba mdogo Nazari akainua mkono, wakanyamaza. Nazari hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mbaya, maana Careen alikuja amejiandaa kugombana.

“Mwanangu,” akasema Nazari, “sisi hatukuhitaji mashine. Wewe ulikuwepo. Kaka alisemaje? Alisema ulime, au alisema liwe lako na mtoto wako? Mimi nitalipokea neno lako.”

Kikao kizima kikamgeukia. Uongo ulikuwa jirani, neno moja tu, na shamba lingekuwa lake siku ileile. Careen akafumba macho kumtafuta baba yake. Akamwona kwenye kigoda, akamsikia akianza, “Mimi Eustaki...” Baada ya hapo ulikuja ule mstari wa kijani, unatetemeka, unaruka mzee anapokohoa, unatetemeka tena. Maneno hayakuwemo. Angeweza kumdanganya mtu aliyemshuku, lakini huyu alikuwa amemwamini.

“Sikumbuki, baba,” akasema. “Nilikuwa naangalia mashine.”

Waliamua alime maisha yake yote, na akifa, shamba lirudi kwa watoto wa Nazari. Kwa mila yao hawakumwonea, na Nazari mwenyewe alifuta machozi alipoutamka uamuzi huo. Mtoto wa Careen hakupata kitu.

Careen akalima. Majuto ni mjukuu, na yeye mjukuu huyo alimlea. Shamba lilimuuma, hasa alipomwona mwanawe akipalilia mpunga ambao mwisho wake ni wa wengine. Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa jingine. Kila alipojaribu kumkumbuka baba yake alimwona vizuri kabisa, amekaa kwenye kigoda, anamtazama yeye, midomo inacheza, na sauti haitoki.