Jina la Bibi, Ngozi ya Bibi

Sabuni ya mawese ina harufu nzito, na hadi leo nikikutana nayo sokoni Kalemie mimi hupita njia nyingine. Kila kiangazi bibi yangu, mama yake baba, alikuja kwa boti kutoka Moba na vipande vya sabuni hiyo kapuni, na kazi ya kumsugua mgongo ilikuwa yangu peke yangu. Mimi nilikuwa somo yake. Tuliitwa Feza sote wawili, na kwetu mtoto akishapewa jina la bibi, ndiye bibi mwenyewe. Baba aliniita Mama, wala hakuwa akitania. Shangazi zangu walinipandisha blauzi mbele ya wageni ili waone madoa ya tumboni, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa bibi naye alikuwa nayo. Walicheka kwa furaha, wakisema mzee amejizaa mwenyewe. Miaka ya kwanza niliringa sana.

Nilipofika mwaka wa nne wa shule ya msingi, kuringa kuliisha. Tulikuwa katika bafu la mabati uani, mchana kweupe, nikautazama vizuri ule mgongo niliokuwa nikiusugua siku zote. Vinundu vilimjaa kuanzia shingoni hadi kiunoni, vingine vidogo, vingine vimening'inia, laini chini ya dodoki kama maharage yaliyolowekwa. Havikumuuma, alikuwa akinisimulia habari za mihogo yake bila wasiwasi wowote. Nikawaza kwamba kama mimi ni yeye, basi hivi vinanisubiri. Niliogopa mno, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikishangilia jambo lile lile lililonitisha. Kila aliyesema nimefanana na bibi alinikata maini. Nikaanza kuoga ziwani na gauni langu mwilini, wenzangu wakaniita sista.

Halafu siku moja nikakigusa. Kilikuwa ubavuni, chini kidogo ya kwapa, kidogo lakini hakikosewi. Siku mbili nilitembea nimebana mkono kana kwamba ningekizuia kukua. Siku ya tatu, bafuni, dodoki lilinidondoka, nikalia. Bibi aligeuka, akaniambia niinue mkono, akakipapasa kwa kidole gumba. Nilitazamia angecheka, aite watu waje kuona. Hakucheka. Alijifunga kitenge povu likiwa bado mgongoni, akaenda moja kwa moja hadi kwa baba, aliyekuwa akitengeneza baiskeli kivulini.

"Mumutoshe mutoto jina yangu," alimwambia. "Mumuite Veronika, ile ya batizo. Sikumupa jina ili imuletee mwili yangu."

Baba alimbembeleza, akamkumbusha kuwa jina likishapewa mtoto haliondolewi.

"Mimi nilizoea," bibi akasema. "Yeye asizoee."

Tangu siku hiyo nikawa Veronika. Bibi alijisugua mwenyewe, mlango umefungwa, na nilipomkaribia alivuta kitenge ili ngozi yake isinifikie. Nilikuwa nimeomba kila siku nitenganishwe naye, nikatenganishwa, na sijawahi kuwa mpweke kama kiangazi kile. Alirudi Moba bila kunikumbatia. Hatukuonana tena, maana alifariki kabla ya kiangazi kingine.

Vinundu havikujali nilivyoitwa. Leo vimenijaa mikononi na mgongoni. Daktari mmoja wa Lubumbashi alinieleza kwa subira kwamba ni ugonjwa wa kurithi, unaopita katika damu ya ukoo, nami nimeupata kupitia kwa baba hata kama kwake hauonekani wazi, kwamba hauambukizi kwa kugusana, kwamba uvimbe wa namna hii kwa kawaida si saratani ingawa lazima uangaliwe mara kwa mara, na kwamba jina halina kosa lolote. Nilimwelewa kabisa. Nilirudi nyumbani nikamlilia bibi upya, yeye aliyekufa akiamini kwamba ameniharibu kwa zawadi yake.

Mwaka jana nilijifungua binti. Baba, ambaye sasa ni mzee, aliomba aitwe Feza. Maneno yote ya daktari niliyakumbuka, moja baada ya jingine, na bado nilikataa. Mtoto alipewa jina la mama mkwe wangu, mwanamke wa Nyunzu ambaye ngozi yake haina hata alama ya ndui. Baba alichukua kofia yake, akaondoka bila kula. Madoa yalitokea kabla mtoto hajaanza kutambaa.