Mama wa Koboko avua viatu kwenye jumba la wafalme

Huko Uhispania nilitembezwa kwenye ngome ya kale ya wafalme Waislamu, pamoja na mama mmoja wa mji wa Koboko aliyekwenda kumwona bintiye. Mlangoni mwa jumba mama akavua viatu, akavishika mkononi.

"Vaa tu, mama," nikamnong'oneza. "Hapa si msikitini."

Akanyoosha kidole kwenye nakshi za ukuta, akazisoma polepole kwa Kiarabu cha madrasa ya kwao.

"Mtoto yangu, jina ya Mungu iko kwa ukuta yote. Wewe unaona maua tu?"

Nikamfasiria mwongoza watalii wetu, aliyekwisha kutueleza urefu wa kila nguzo. Akautazama ukuta, kisha viatu vyake.

Marumaru ya pale ni baridi kweli. Nasema hivyo kwa sababu tulitoka watatu, wote peku.