Shangazi wa Pili wa Chiriku

Wifi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Lakini afisa wa ustawi alipomletea mtoto mchanga amlee kwa muda tu, alilainika mara moja. Alimlaza kwenye kapu la vitambaa kando ya cherehani, na mtoto akazoea kusinzia kwa mlio wa mashine hiyo. Alipojua kuongea akawa hana kituo, tukamwita Chiriku.

Chiriku alipokuwa na miaka mitatu, kaka yangu na wifi wakaomba mahakamani wamuasili, awe wao kabisa. Ndipo akaibuka dada wa marehemu baba yake. Alikuwa ndiyo kwanza amepata habari kwamba kaka yake aliacha mtoto, naye akamtaka. Damu nzito kuliko maji, alisema. Mimi nilimchukia kabla sijamwona. Afisa akaagiza Chiriku akakae kwake mwisho wa juma, waone kama watazoeana.

Jumamosi mchana simu ya wifi ikaita. Kabla ya salamu tulisikia mtoto akilia.

"Dada, nisamehe," alisema shangazi mtu. "Hali, halali, analia tu. Huko kwako huwa analalaje?"

Nikamvuta wifi kanga. "Nyamaza!" nilimnong'oneza. "Mwache alie. Kesho atamrudisha mwenyewe, na kesi itakuwa imekwisha."

"Kesi itakwisha, na mtoto je?"

Akaiweka simu mezani, akaanza kukanyaga cherehani. Alishona huku machozi yakidondokea gauni la mteja, mkono wa gauni akaushonea mahali pa shingo wala asijue. Kule kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikanyamaza.

"Amelala," shangazi alinong'ona. "Asante, dada."

Wifi akakata simu. Aliamini amemtoa mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, nami nilimwambia hivyo hivyo, kwa ukali.

Siku ya uamuzi alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Shangazi akasimama mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa, nilikuja kuchukua yatima," alisema. "Nimekuta ana mama. Naomba nibaki shangazi tu, niruhusiwe kumtembelea."

Kaka yangu, mwanamume mzima, alilia kwa sauti.

Sasa shangazi huyo huja kila akipata likizo. Chiriku humkimbilia yeye kwanza, kisha ndipo ananikumbuka mimi niliyembeba mgongoni. Wivu ninao, sifichi. Lakini akichelewa kufika, mimi ndiye wa kwanza kumpigia simu.