Jedwali la Saba na Jembe Mkononi

Enzi zetu, jamani, hakuna aliyeuliza mtoto anaendeleaje shuleni. Watu walitazama tu umekaa benchi gani. Kila Ijumaa mwalimu alituuliza hesabu za kichwa: ukijibu unasogea mbele, ukikosa unarudi nyuma. Benchi la mwisho lilikuwa mlangoni, ambako kila mpita njia wa kijijini kwetu Mkolani alikuona vizuri. Upepo wa mlango ule naujua mimi! Jedwali la saba lilikuwa limenishinda kabisa.

Siku moja baba alipita pale na ng'ombe wake, akaniona. Jioni, tukila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akasema, "Mkia wa ng'ombe uko nyuma, lakini unafukuza inzi. Wewe huko nyuma unafukuza nini?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaapa kwamba mkaguzi wa shule akija akanikuta nimeshindwa, shule basi, nirudi kulima. Nililia mpaka kamasi, kisha nikajifuta. Siondoki, nikasema moyoni.

Mwalimu Petro alikuwa na dawa yake. Kwa kuchelewa alitucharaza bila huruma, lakini kwa hesabu hakumgusa mtu. Kwenye shamba la pamba la shule alimpanga wa benchi la kwanza sambamba na wa benchi la mwisho, na kwetu Usukumani nani analima kimya? Mwenzangu alikuwa Kabula, msichana wa sauti kali na subira kidogo. Yeye anaimba swali, mimi naitikia jibu, majembe yanashuka pamoja. Nikikosea, wote wawili tunarudi mwanzo wa tuta.

"Wee Ng'wasi, utanivunja mgongo!" alikuwa akifoka. Lakini alirudi nami kila mara.

"Zizi halifungwi mpaka ng'ombe wa mwisho aingie," mwalimu alitujibu tuliponung'unika.

Siku ya mkaguzi nikasimamishwa. Mbele yangu Mzungu mwenye kaptula, mlangoni baba na fimbo yake. Saba mara nane? Kichwa kitupu! Basi nikainama, nikashika jembe lisilokuwepo, nikalima sakafu ya darasa huku nikiimba kuanzia saba mara moja. Darasa zima likaangua kicheko. Wacheke! Sikuinua kichwa mpaka hamsini na sita, na hapo sikusimama, nikalima mpaka mwisho wa jedwali. Baba akaondoka na fimbo yake. Kesho yake aliniamsha mwenyewe niwahi shule.

Siku hizi watoto wanasoma kwa raha, ripoti inaingia kwenye simu hata kabla mtoto hajafika nyumbani. Juzi kitukuu changu alinijia akirukaruka, amekuwa wa kwanza. Nikampongeza kwa dhati, kisha nikamuuliza wa mwisho ni nani.

Akanishangaa. "Aa, bibi, huyo mimi simjui."

Neno hilo liliniuma.

"Wa mwisho nilikuwa mimi, kitukuu changu," nikamwambia. "Na wa kwanza alinijua."