Pikapu Iliyokunywa Mafuta ya Chipsi

Nilikuwa nauza chipsi katika mji mdogo wa Kabati, kwenye kibanda cha mabati kilichotazamana na soko, siku mume wangu aliponijia kwa mara ya kwanza. Bado hakuwa mume wangu. Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli, mkononi ana mtungi wa manjano, na hakutaka chipsi.

"Siste, mafuta yakishachoka unayapeleka wapi?"

Nikamwambia ukweli. Kulikuwa na mama mmoja aliyekaanga mihogo karibu na stendi, yeye ndiye aliyekuwa akiyachukua.

"Na yeye anakaangia mpaka yanakuwa meusi kama lami. Halafu watu wanakula," akasema. "Afadhali unipe mimi."

"Wewe unakaanga nini?"

"Sikaangi kitu. Ni ya gari."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nikacheka zaidi yao. Hakukasirika. Aliniomba nitoke nje kidogo, akawasha pikapu yake ya bluu iliyokuwa kando ya barabara, akaniambia nisimame nyuma yake na kuvuta pumzi. Niliziba pua kwanza, kwa mazoea. Malori ya mchanga yaliyopita hapo kila siku yalituachia moshi mweusi uliokaa kooni hadi jioni. Wa pikapu ile ulikuwa mwepisi, haukuchoma macho, na ulinukia kama kibanda changu mwenyewe saa saba mchana.

"Nimekuwa fundi wa malori miaka mingi," akaniambia. "Kila jioni nilikuwa nikitema mate meusi. Siku moja nikajiuliza, kwani lazima?"

Nilimpa mafuta siku hiyo, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimefunga kibanda, nikahamia kwao Kanyangi.

Kwao nilimkuta mama yake, mjane, mkulima, mwimbaji wa kwaya ya kina mama kanisani, mwanamke asiyepoteza maneno. Nilikuta pia kisa ambacho nilikuwa sijasimuliwa. Miaka kadhaa kabla ya kunijua, wageni walipita vijijini wakiwahimiza watu wapande mbono, ule mti wenye mbegu za mafuta ambao mbuzi hawaugusi. Walisema unastawi penye ukame, na kwamba wangenunua kila mbegu ili zitengenezwe dizeli. Mume wangu aliamini. Alimshawishi mama yake ampe nusu ya shamba la kunde. Mbono ilikua polepole, ikazaa kidogo kuliko ilivyosemwa, na wageni hawakurudi tena. Mtoto wa jirani alikula mbegu tatu, akatapika siku nzima. Mwaka huo mvua ilikosa, na kunde zilizokuwa zikiwatosha hazikutosha.

Mama mkwe alichukua jembe akaing'oa mbono mwenyewe, mche kwa mche, akaacha mstari mmoja tu uwe ua wa boma.

"Gari lako limekula shamba langu," alimwambia mwanawe. "Litafutie chakula kingine."

Ndivyo alivyoanza kutafuta mafuta yaliyokwisha kutumika. Aliyapata kwangu, na Kitui mjini aliyapata kwa mama mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, mwenye hoteli ya pilau na bajia. Mama yule alimhifadhia mafuta kila wiki kwenye ndoo yenye kifuniko, na kila mara alimuuliza, "Mwanangu, hilo gari lako limekula leo?" Tulipozaa mtoto wa kwanza alitutumia shuka na halua.

Kazi yenyewe ilifanyika nyuma ya jiko letu, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Alichuja mafuta kwa shuka kuukuu, akayapasha moto mpaka maji yaliyojificha ndani yakauke. Kisha, ndani ya pipa, aliyachanganya na methanoli, spiriti ile kali ya viwandani, na kostiki soda. Hapo hakuruhusu mtu kusogea, hata mimi. Alivaa glavu na kujifunga kitambaa usoni, akasimama upande unakotoka upepo. Aliyakoroga taratibu, akayaacha mpaka kesho yake. Asubuhi pipa lilikuwa limegawanyika: chini uzito wa kahawia kama asali chafu, juu mafuta mepesi ya rangi ya chai ya rangi. Yale ya juu ndiyo yalikuwa chakula cha gari. Ya chini niliyatumia kutengeneza sabuni, na mafundi wa Kabati waliipenda kwa sababu ilitoa grisi mikononi.

Lakini mafuta hayo yalihitaji kuoshwa. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza mkubwa. Kuosha kulitaka maji, na maji ya Kanyangi wakati wa kiangazi ni ya kuchimba kwenye mchanga wa mto Tiva, unakinga kikombe kwa kikombe huku punda anasubiri. Siku moja nilirudi na mitungi minne, nikamkuta anafungua wa tatu kuumimina kwenye pipa.

"Baba Watoto, tunaosha mafuta na watoto hawajaoga?"

Alisimama na mtungi mkononi. Kisha akaufunga, akauweka chini, akaondoka. Nilidhani amekasirika. Jioni alirudi kutoka Kabati na magunia mawili ya vumbi la mbao kutoka kwa maseremala. Alikuwa amesikia kwamba vumbi hilo hunyonya uchafu. Alijaribu mara tano, sita, mafuta yakipita taratibu kwenye ndoo iliyojaa vumbi, mpaka yakatoka safi. Tangu siku hiyo hakugusa maji yangu tena.

Nikisema nilimpenda, ni kwa mambo kama hayo.

Gari nalo lilikuwa na madai yake. Mwanzoni mafuta yale yalikwangua uchafu wote wa miaka uliokuwa ndani ya tangi, filta ikaziba kila baada ya siku chache. Mipira ya kupitishia mafuta ililainika, akaibadilisha yote. Lakini kwaya ya mama mkwe ilipanda nyuma ya pikapu hiyo kwenda kuimba hadi Ikutha, kina mama kumi na wawili wamesimama wakishikilia vyuma, na waliposhuka hakuna aliyeshika kichwa wala kukohoa. Mama mkwe, ambaye hakuwa amemsifu mwanawe tangu mbono, alisema mbele ya watu wote, "Leo tumefika na sauti zetu." Mume wangu aliinama akajifanya anakagua gurudumu.

Miaka hiyo ndiyo ninayoitamani. Alikuwa akizungumza akila, akizungumza akioga, anarudi na gunia la matunda ya mti wa kivuli aliyoyaokota barabarani ili ajaribu kuyakamua. Nyumba ilikuwa na mtu ndani yake.

Mimi nilizaliwa Makueni, upande wa milimani, ambako Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni. Mwezi kama huo mama yangu mzazi aliugua. Ndugu yangu alipiga simu, nasi tukaondoka Kanyangi asubuhi, tukavuka mto Athi, tukafika alasiri. Tulimkuta mama anapumua kwa shida lakini anaongea. Tukakubaliana kwamba kukipambazuka tutampeleka hospitali ya mji wa Wote.

Kulipopambazuka pikapu ilikataa kuwaka.

Mume wangu alifungua boneti, akafungua filta. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama samli. Mafuta ya kupikia tunayoyajua sisi huganda yakipata baridi, na dizeli iliyotokana nayo haisahau asili yake. Kwetu Kanyangi hatukuwahi kuliona jambo hilo. Alikuwa ameambiwa kwamba penye baridi achanganye na dizeli ya kawaida, lakini tulivyoondoka kwa haraka, hakukumbuka.

Alipasha maji, akamwagia filta, akafunga matambara ya moto kwenye mipira. Injini ikashika, ikazima. Akarudia. Ndugu zangu walisimama kwa mstari, mikono makwapani, wanamtazama. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti nje, amefunikwa blanketi mbili, anasubiri kama mtu anayesubiri ibada ianze.

Nilimwendea mume wangu, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Ungeweka dizeli kama watu wengine, mama yangu angekuwa amefika."

Aliinama tena kwenye filta. Mikono yake ilikuwa imeungua kwa maji moto na hakuwa amegundua.

Gari liliwaka jua lilipotoboa ukungu. Tulichelewa labda saa mbili. Mama alilazwa, akakaa siku tisa, na siku ya tisa akafariki. Daktari alituambia mapafu yalikuwa yameharibika tangu zamani, na kwamba saa mbili hazikuongeza wala kupunguza kitu. Nilimsikia daktari, na mume wangu alimsikia. Lakini neno langu lilikuwa limeshamwingia kabla ya neno la daktari.

Baada ya mazishi tulirudi Kanyangi. Alisafisha mapipa, akayapindua juu chini. Mwezi uliofuata aliuza pikapu. Akapata kazi ya kuendesha lori la saruji, dizeli ya kununua, barabara ya Ikutha na Kibwezi. Alirudi nyumbani kila Jumamosi, anakula, anauliza watoto habari za shule, analala. Hakunitupia neno baya hata moja. Nilikuwa nikitamani anitupie, yaishe. Mama wa hoteli ya Kitui aliniuliza, "Kwani limeshiba lile gari?"

Ilipita miaka minne kabla sijathubutu. Tulikuwa uani tunapukuchua mbaazi, Jumapili baada ya kanisa, yeye kwenye kigoda na mimi kwenye mkeka.

"Baba Watoto, lile neno nililosema kwetu milimani. Lilikuwa neno baya. Tena halikuwa la kweli."

Aliendelea kupukuchua maganda matatu, manne.

"Lilikuwa la kweli nusu," akasema. "Nilisahau kuchanganya."

"Hata mimi nilisahau. Tulikuwa wawili ndani ya gari."

Alicheka kidogo. Ndiyo mara ya kwanza tangu siku ile. Nikapata nguvu, nikamwambia arudie kazi yake, tutafute pikapu nyingine, mapipa bado yapo.

"Mama Watoto, nimechoka kuwa mtu anayengojewa na watu wamesimama," akasema. Kisha, akichukua ganda jingine, "Lakini kama ningerudia, ningeanza na mbarika, nao una mbegu za mafuta. Pembeni mwa matuta, siyo kwenye kunde. Mama asije akachukua jembe tena."

Tulizungumza mpaka mbaazi zikaisha, tukabaki tumekaa. Nilidhani tuna muda. Miezi mitatu baadaye presha ilimwangusha akiwa anapakia saruji, na hakuamka. Mama mkwe aliimba kwenye mazishi ya mwanawe, peke yake, kwa sababu kwaya ilishindwa kuanza.

Mimi nilipanda mbarika. Nilipanda pembeni mwa matuta kama alivyosema, na sehemu nyingine katika kipande cha ardhi ambacho mama aliniachia Makueni. Siku hizi kuna mahali upande huo ambapo wakulima hupeleka mbegu, zinakamuliwa, mafuta yanasafirishwa yakawe dizeli ya nchi nyingine. Sijui kama mambo haya yatadumu. Nimeshaona wageni wakija na wageni wasirudi, kwa hiyo kunde zangu ziko palepale na sijazipunguza hata mstari. Majirani wakiniuliza wapande kiasi gani, nawaambia wapande kile ambacho hata kikikosa mnunuzi hawatalala njaa.

Mwezi uliopita nilipeleka magunia yangu. Msichana wa kilimo aliyekuwa akipokea mbegu, mwenye buti na daftari, alikuwa akiwaeleza wakulima jinsi mafuta yanavyogeuzwa. Alipofika kwenye kuosha akasema maji mengi yanahitajika. Nikanyanyua mkono kama mtoto wa shule. Nikawaeleza habari ya vumbi la mbao. Nikawaeleza habari ya mipira na filta, na baridi ya Julai, na kwamba yale yanayotokana na mafuta ya kupikia mtu asipande nayo milimani bila kuchanganya, hata kama ana haraka ya namna gani. Hapo nikaishia, nikarudi kwenye magunia yangu.

Walipotawanyika msichana alinifuata chini ya kivuli cha ghala.

"Mama, haya yote umesomea wapi?"

"Ni mume wangu alinifunza."

"Ni fundi?"

"Fundi."

"Wiki ijayo tuko na mafunzo hapa, vijana watakuja na mashine ndogo ya kukamua. Tafadhali uje naye. Watu kama hao hatuwapati."

Nilifungua mdomo nimwambie. Alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, uso umemchangamka, anangoja nimpe jina aliandike. Nikatazama barabarani, ambako lori lilikuwa likipanda kilima.

"Amesafiri," nikasema.

"Sawa. Akirudi, mwambie tunamngoja."

Nikasema nitamwambia.